Rangi Ilikuwa Bado Mbichi

Tuliishia pale Ildefons alipoachishwa kazi ya kuendesha lori la ushirika mjini Bukoba, akarudi kwao Izigo na kitu kimoja tu cha kuonyesha kwa miaka kumi na minne ya usukani: Pijo kuukuu, jeusi, lisilo na vioo, ambalo tajiri mmoja wa kahawa alimwachia alipohama nchi. Lilivutwa kwa kamba hadi uani. Majirani walilicheka. Mkewe Georgina hakulicheka, ila alikataa hata kulisogelea.

Ya leo ndiyo aliyoyaficha Ildefons kuliko yote. Aliyasimulia akiwa mzee, bila kuombwa, akasema yasiandikwe nusu. Basi hayataandikwa nusu.

Mwaka ulikuwa 1974. Watu wengine walikuwa wakihamishiwa vijijini, wengine wakipanga foleni ya sabuni na chumvi, na Ildefons alikuwa amelala chali chini ya gari bovu.

Georgina alikuwa na sababu ya kulikataa lile gari. Alipokuwa msichana mdogo kwao Kamachumu, gari jeusi la serikali ya mkoloni lilikuja kumchukua baba yake kwa maneno aliyoyasema barazani. Baba alirudi baada ya mwaka mmoja akiwa anakohoa, akafa kabla ya kahawa kuiva. Tangu hapo Georgina hakupanda gari jeusi. Hata siku ya harusi yake alikwenda kanisani kwa miguu.

"Ukilibadilisha rangi nitapanda," alimwambia mumewe. "Likibaki jeusi, utanipita njiani nikitembea."

Ildefons akamwuliza anataka rangi gani. Georgina alikuwa akimenya ndizi. Akainua kisu, akaonyesha jani changa la mgomba, lile ambalo halijafunguka bado.

Walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia Georgina alishika mimba, na mimba ikakaa. Ildefons akaweka nadhiri moyoni kwamba mtoto huyo atapelekwa kubatizwa ndani ya lile Pijo, na mama yake atakaa mbele kama mke wa mkurugenzi.

Akamwita Omary.

Omary alikuwa fundi wa bodi na rangi, Mswahili wa Bilele pale Bukoba mjini. Walijuana tangu enzi za malori ya ushirika. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono iliyojaa madoa ya rangi ambayo hayakutoka hata siku ya Idi. Alikuja na msasa, nyundo zake na pampu ya upepo ya petroli, akapewa chumba cha uani, na Georgina akawa anampikia bila nyama ya nguruwe hata harufu yake.

Kazi ilikula miezi mitatu. Walishusha injini, wakaisafisha kipande kwa kipande, wakairudisha. Sakafu iliyokuwa imeoza waliiziba kwa bati la pipa. Vioo vilipatikana kwa gari jingine lililokufa huko Muleba. Kisha wakaanza kukwangua rangi kwa msasa na maji. Chini ya nyeusi ilitoka ya kijivu. Chini ya kijivu ikatoka nyekundu iliyoiva, na Georgina, ambaye sasa alianza kusogea na kutazama, akasema kumbe hata gari linaweza kuwa na maisha ya nyuma lisiyoyasema.

Rangi ya kijani haikupatikana Bukoba. Waliingoja wiki tano itoke Mwanza kwa meli. Ilipofika, ilikuwa mikebe miwili tu, na mwenye duka akawaambia hajui kama itakuja mingine mwaka huo.

Omary alitengeneza kibanda kwa mikeka na majani ya migomba ili vumbi lisiingie. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi kimekaza, na kila lori lililopita barabara ya Muleba liliacha wingu jekundu. Kila asubuhi walimwaga maji uani. Mbuzi wakafungwa mbali. Ikawa marufuku kufagia.

Jumatano Omary alimaliza kuunga mabomba ya breki, wakalijaribu gari kuanzia uani hadi barabarani na kurudi. Likawaka, likaenda, likasimama. Jumatano hiyo hiyo jioni wakapiga mkono wa kwanza wa kijani. Alhamisi asubuhi wakapiga mkono wa mwisho. Saa nne kazi ilikuwa imekwisha, na mikebe yote miwili ilikuwa mitupu.

Ildefons alisimama akilitazama. Alisema baadaye kwamba katika maisha yake hakuwahi kufanya kitu kikatoka sawa na alivyokikusudia, isipokuwa hicho.

Georgina akatoka ndani akiwa ameshika mwimo wa mlango. Alisema mgongo unamuuma tangu alfajiri. Bado mwezi mmoja ajifungue, kwa hiyo Ildefons akamwambia akapumzike, ni uchovu. Georgina akalitazama gari kwa mbali, akatabasamu, akarudi ndani.

Aliyeona ni Omary. Georgina alipogeuka, Omary aliona damu kwenye pindo la kanga yake. Aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia mikono, akamvuta Ildefons nyuma ya jiko.

"Mpeleke mama hospitali sasa hivi," alisema.

"Rangi bado mbichi."

"Rangi nitapiga tena. Breki zipo, petroli ipo. Mpeleke, ndugu yangu."

Ildefons akatazama barabara. Lori lilikuwa limepita muda huo huo na vumbi lilikuwa bado halijatua. Akaiona rangi yote ikimezwa na vumbi lile. Akakumbuka wiki tano. Akakumbuka mikebe mitupu. Akamjibu Omary kuwa rangi hii hukauka upesi, saa mbili au tatu tu ikishika wataondoka. Omary akamwambia kuwa hajaelewa. Ildefons akasema atamwuliza mwenyewe Georgina.

Akaingia ndani. Georgina alikuwa amekaa kitandani, amekwisha kuvaa viatu.

Hakumwuliza kama anataka kwenda. Alimwuliza kama anaweza kusubiri kidogo, rangi ishike, aende ndani ya gari zuri kama alivyoahidiwa. Ildefons alisema baadaye kwamba kuna namna ya kumwuliza mtu ambayo imekwisha kumjibia.

"Nitasubiri," Georgina alisema. Akavua viatu, akalala.

Ilikuwa saa tano na nusu. Ildefons aliijua saa kwa sababu alikuwa amevaa saa ya mkononi aliyopewa na ushirika kwa kutopata ajali miaka kumi, na aliitazama ili ahesabu muda wa rangi kukauka.

Saa sita alikwenda kugusa mlango wa gari kwa ncha ya kidole. Ukanata. Saa saba ukanata. Saa nane alimpelekea Georgina maji, akayanywa, akasema maumivu yamepungua. Kupungua huko Ildefons alikuchukua kuwa heri. Saa tisa alipoingia tena, mwili wa Georgina ulikuwa wa baridi, jasho linamtoka, na godoro lilikuwa limelowa upande mmoja.

Omary hakungoja kuambiwa. Alirarua mikeka ya kibanda kwa mikono, akatandika blanketi kiti cha nyuma, wakamwingiza. Ildefons akashika usukani, Omary akakaa nyuma akimshikilia kichwa.

Barabarani watu walisimama kulitazama gari jipya. Wanawake waliokuwa wakianua kahawa kwenye majamvi walipiga vigelegele, wakidhani ni furaha. Mtu mmoja alipiga kelele kuwa Ildefons amenunua gari la chama. Ildefons aliwapungia mkono. Hakujua kwa nini aliwapungia. Mkono ulikwenda wenyewe.

Walipoanza kuupanda mlima wa Kamachumu, Georgina alifungua macho, akauliza gari linaonekanaje kwenye jua.

"Limetoka vizuri," Ildefons alimwambia.

"Na mimi nimelipanda," alisema Georgina.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwake.

Kwenye hospitali ya misheni, huko juu Kamachumu, waliwapokea mlangoni kwa machela. Mtoto alitolewa akiwa hai, wa kike, mdogo kama kifaranga. Mama yake aliishi hadi jua lilipokaribia kuzama. Muuguzi alimwuliza Ildefons damu ilianza lini. Ildefons akajibu kuwa si muda mrefu. Muuguzi akamtazama, akaandika, akaondoka.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka kwa urahisi. Wa pili ulingoja hadi msibani.

Georgina alizikwa Izigo, kwenye kibanja cha mumewe, shamba la migomba lililozunguka nyumba. Ndugu zake walikuja kutoka Kamachumu wakiongozwa na kaka yake Lwakatare, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mkali aliyempenda dada yake kuliko kitu chochote. Baada ya mazishi alimwuliza shemeji yake mbele za watu swali ambalo kila mtu alikuwa nalo. Alitaka kujua ilikuwaje mtu mwenye gari uani, gari ambalo kijiji kizima kilisikia likiwaka siku iliyotangulia, amwache mkewe avuje damu hadi saa tisa.

Ildefons alisema kuwaka si kutembea. Akasema gari lilikuwa halina breki. Akasema fundi alikuwa bado anaunga mabomba na alimaliza saa tisa, na mlima wa Kamachumu haupandwi wala kushukwa bila breki.

Omary alikuwa amekaa karibu na moto, hatua nne kutoka hapo. Alisikia kila neno. Alimtazama Ildefons, kisha akatazama chini. Asubuhi alikusanya vifaa vyake, akaondoka bila kungoja chai.

Ildefons alidhani wakwe watamchukua mtoto siku ile ile. Badala yake mama yake Georgina, Bibi Alistidia, alisema mtoto wa kike hatolewi katika kibanja cha baba yake akiwa hajafumbua macho vizuri. Yeye mwenyewe atahamia Izigo kumlea. Akampa jina Kokuhirwa, maana yake mwenye bahati, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

Basi wakaishi, mkwe na mkwe, katika nyumba moja, kwa heshima kubwa. Alistidia alilala na mtoto chumba cha Georgina. Alipika. Alimwekea Ildefons sehemu yake ya ndizi na maharage, akaifunika kwa jani, akamwachia mezani. Alipoona hali chakula, alimwambia kwa Kihaya kuwa hakuna mwanamume ambaye angefanya zaidi ya alivyofanya yeye, na kwamba gari lisilo na breki lingewaua wote watatu. Alimwambia hivyo mara nyingi, kwa upole, akiamini kuwa anamfariji.

Ildefons alikuwa akitoka nje.

Gari lilikuwa pale pale. Vumbi la safari ile lilikuwa limenasa kwenye rangi likakaukia humo. Ukipitisha kiganja ubavuni, kilikwaruza kama msasa. Hakulifuta, hakuliwasha, hakulifunika.

Ikawa miezi miwili.

Kumbe huko mjini Lwakatare hakuwa amenyamaza. Alikuwa amekwenda Bilele hadi kwenye uwanja aliokuwa akifanyia kazi Omary, akasema mbele ya wateja kuwa fundi huyu alimuua dada yake kwa uvivu, alikaa na breki miezi mitatu. Habari ya namna hiyo haihitaji gari ili ifike mbali. Wateja wakapungua. Mwenye uwanja akamwambia Omary atafute mahali pengine. Omary hakujitetea. Waliomwuliza aliwajibu kuwa mtu aliyefiwa hasemwi.

Lwakatare hakuridhika. Akaandika barua kwa balozi wa nyumba kumi wa Izigo, mzee Rutashobya, akitaka fundi aitwe, ahojiwe mbele ya wafiwa, na kama ana hatia apelekwe polisi Muleba. Balozi akapanga siku. Akaona kikao kifanyike uani kwa Ildefons, kwa kuwa Bibi Alistidia hawezi kutoka na mtoto mchanga.

Ildefons alipoletewa taarifa aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Alikiri baadaye kuwa usiku na mchana wa siku zilizofuata alikuwa na wazo moja tu: Omary alikwisha kunyamaza mara moja, anaweza kunyamaza mara ya pili.

Omary alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, amevaa kanzu safi na kofia. Alikuwa amekonda. Alimsalimu balozi, akamsalimu Bibi Alistidia kwa kumpa pole upya kana kwamba msiba ni wa jana, akakaa mwisho wa jamvi. Gari la kijani lilikuwa nyuma yake.

Lwakatare alisema mashtaka yake akiwa amesimama, kwa Kiswahili cha shuleni, kilichonyooka. Sauti ilimkatika mara mbili. Alipomaliza, balozi akamgeukia fundi, akamwuliza breki zilifungwa lini.

"Mzee, mimi ni fundi," Omary alisema. "Gari lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwepo. Muulizeni yeye. Atakalosema, mimi nitalikubali."

Watu wote wakageuka.

Ildefons alisema baadaye kuwa angeweza kulibeba hata neno lile la Omary. Alikuwa na jibu tayari mdomoni. Kilichomshinda ni kuwa Bibi Alistidia, aliyekaa mlangoni na mtoto mgongoni, aliitikia kwa kichwa kumpa moyo, kama mama anayemwambia mwanawe asiogope, aseme tu.

"Breki zilifungwa Jumatano," Ildefons alisema.

Balozi akamwuliza amesema nini.

"Zilifungwa Jumatano, tukazijaribu. Alhamisi gari lilikuwa zima. Omary aliona damu, akaniambia nimpeleke mke wangu hapo hapo. Aliniambia rangi atapiga tena. Mimi ndiye niliyemwambia Georgina asubiri. Nilikuwa nangoja rangi ikauke."

Lwakatare alimrukia, wanaume wawili wakamdaka. Balozi akapiga fimbo yake chini kutaka utulivu, ingawa hakukuwa na kelele.

Bibi Alistidia hakuinuka. Aliuliza kwa Kihaya, taratibu, kama mtu anayeulizia bei sokoni, akimwita kwa heshima tata, yaani baba.

"Fundi alikuambia saa ngapi, tata?"

"Saa tano na nusu."

"Na mkaondoka?"

"Saa tisa."

Bibi akafungua kiganja, akawa anagusa vidole vyake kimoja kimoja kwa kidole gumba. Alipofika mwisho akarudia tena tangu mwanzo, labda amekosea. Hakuwa amekosea. Kisha akainuka, akafungua kitambaa cha mgongoni, akamtoa mtoto.

Ildefons alijua kinachokuja. Alikuwa amekingoja miezi miwili. Watamchukua Kokuhirwa, wataondoka naye Kamachumu, na hatamwona tena. Aliinamisha kichwa ili asione.

Akahisi uzito mikononi. Bibi alikuwa amemwekea mtoto kifuani.

"Mama," Lwakatare alisema, "mtoto tunakwenda naye."

"Hatuendi naye," Bibi alijibu. "Kila nitakapomtazama nitahesabu saa. Siwezi kumlea mtoto kwa hesabu hiyo."

Akamtazama Ildefons kwa mara ya kwanza tangu aseme.

"Mama yake alisubiri ulipomwomba," alimwambia. "Huyu hajui kusubiri."

Hakuingia ndani kuchukua nguo zake. Alishuka uani akishikwa mkono na mwanawe, akapita kando ya gari bila kuligusa, akashika njia ya barabarani. Lwakatare aligeuka mara moja kumtazama mtoto. Bibi hakugeuka. Ildefons alimwita kwa neno la heshima la Kihaya, "Mama, waitu," akaita tena, na sauti yake haikuvuka hata kibanja.

Watu wakatawanyika mmoja mmoja bila kuaga. Mzee Rutashobya alikuwa wa mwisho. Alisema suala hili litabidi alifikishe mbele, hana namna, akaondoka akiiburuta fimbo.

Omary peke yake alibaki, amesimama na kofia mkononi.

Mtoto akaanza kulia. Ildefons alimtikisa, akambadilisha bega, akamwimbia kitu alichokisahau katikati. Kilio kikapanda. Mtoto alikuwa akigeuza uso huku na huku kwenye shati lake, akitafuta.

"Ana njaa huyo," Omary alisema. "Maziwa yake yanatoka wapi?"

Ildefons alifungua mdomo kumjibu. Kila siku alfajiri, kwa miezi miwili, alimsikia Bibi Alistidia akitoka na kibuyu, na akamsikia akirudi. Nyumba zenye ng'ombe aliyezaa zilikuwa chache, nyingine mbali, na katika hizo zote moja tu ndiyo iliyokuwa ikimpa Bibi maziwa. Hakuwahi kumwuliza ni ipi.